Wateja Waliofika Wakilia

Jumatatu, 1 Machi 1999. Kamina.

Mwezi huu natimiza miaka thelathini na minane nje ya Kinkondja. Niliondoka na mkeka mmoja na kamusi ya Kifaransa, siku vurugu za uhuru zilipofika ziwani. Nilimwambia mama yangu nitarudi mvua zikiisha. Sikutaja mvua za mwaka gani.

Leo habari mbili. Mbaya kwanza.

Umba, mdogo wangu, ameniita kwenye foni, ile redio ya kuzungumza kutoka mji hadi mji. Nikaenda mbio (mbio za umri wangu) hadi kibanda cha Jean-Baptiste, mwendesha foni, karibu na stesheni, nikakaa mbele ya redio. Umba alikuwa upande wa pili, Kinkondja, amekwisha kukasirika. Yeye ndiye anayenitumia kambale wa moshi kwa baiskeli, na mimi ndiye ninayewauza hapa sokoni. Au ninayekaa nao, kama alivyosema. Alisema: Yaya (ndivyo kwetu anavyoitwa kaka), waendesha baiskeli wanatuambia kwamba mezani kwako samaki wanazeeka kukupita wewe mwenyewe. Alisema ukoo umekaa, umeamua. Mzigo huu usipokwisha kufikia nusu ya mwezi, samaki watapewa Mama Kapenda, na yeye Umba atakuja kunichukua nirudi nyumbani, kwani hii vita si ya mzee kukaa mjini na mjukuu mmoja. Chumba kiko tayari. Nyuma ya jiko.

Nyuma ya jiko! Mimi! Nusu ya makarani wa mji huu nimewafundisha kusoma!

Sikuweza kujibu. Kwenye foni unasubiri mwenzako aseme « à vous », zamu yako, ndipo unafungua mdomo. Umba hakusema « à vous ». Alisema « terminé », imekwisha.

Na foni haina siri. Spika yake inatazama dirishani. Mama Kapenda, ambaye meza yake imeshikana na yangu, alikuwa kwenye foleni nje. Aliniamkia kwa heshima zote: Baba Mwalimu, safari njema.

Habari njema: mpwa wangu Matthias, aliye Ubelgiji, amenitumia kitabu kwa mkono wa pasta mmoja. Kurasa za fotokopi, Kifaransa safi. Kinamfundisha mfanyabiashara mdogo jinsi ya kujulikana dunia nzima kwa njia ya intaneti. Nimekisoma chote mpaka taa ikaisha mafuta. Kamina yote, naambiwa, ina ordinateri moja, yaani kompyuta, iko kule Base, kambi ya jeshi, na inalindwa na askari mwenye bunduki. Haidhuru. Kitabu chenyewe kinasema chombo si kitu, fikra ndiyo kitu. Fikra ninazo.

Jumanne, 2 Machi.

Somo la kwanza: ukurasa wa mbele. Mgeni akifika kwako, asema mwandishi, ajue papo hapo wewe ni nani na kwa nini akuamini.

Nimetoa nyuma ya nyumba ubao mweusi niliopewa na shule nilipostaafu. Mkubwa kama mlango. Nimeusimamisha sokoni mbele ya meza yangu na kuandika kwa chaki: jina langu, shule nilizofundisha, historia fupi ya ziwa Kisale, namna kambale anavyopasuliwa na kukaushwa juu ya moshi, na mstari mmoja wa Zaburi. Mwandiko wa kupendeza. Watu walisimama! Walisoma! Bibi mmoja alimwomba mwanawe amsomee kwa sauti, akafuta machozi kwenye habari za ziwa.

Hawakununua. Ilinichukua muda kuelewa. Ubao ulikuwa umeficha samaki wote. Pia ulikuwa ukitoa kivuli kizuri sana, na kivuli hicho kilianguka juu ya meza ya Mama Kapenda. Watu walisoma habari zangu wakiwa wamesimama kwake, katika ubaridi, mikono ikipima kambale wake.

Mama Kapenda alipaza sauti soko zima lisikie. Mwalimu, uko unauzisha samaki ao uko unafundisha? Kama njo masomo, uniandikishe, minyi niko na nafasi sasa, samaki yangu iko karibu kuisha!

Saa tisa mvua ikanyesha. Ukurasa wangu wa mbele ulishuka wote, Zaburi pamoja, ukaingia mtaroni.

Jumatano, 3 Machi.

Kosa la jana lilikuwa la hali ya hewa. Tuendelee.

Somo la pili: moteur de recherche, yaani mashine ya kutafutia. Watu hawakujui. Wanaiuliza mashine, mashine inawaambia waende wapi. Basi ni lazima mashine ikutaje, na ikutaje wa kwanza.

Nilikaa kitandani nikafikiri. Ni nani hapa Kamina anayeulizwa kila kitu na mwenye jibu la kila kitu? Mama Salomé! Anakaanga mikate ya mafuta kwenye njia panda ya stesheni. Muulize treni ya Luena: atakuambia imekwama wapi, imevunjika nini, na fundi wake amegombana na nani. Muulize fundi wa saa, mng'oa meno, mchumba asiye na deni. Anakuonyesha njia kwa mwiko, mafuta yakidondoka, hata hujamaliza swali.

Nilimpelekea kambale wawili wanene ili jina langu liwe mbele. Akakubali. Na ikafanya kazi! Asubuhi nilipata askari watatu, mwalimu mwenzangu, na mwanamke mwenye mimba aliyetaka samaki siku hiyohiyo.

Mchana, kimya. Nikamtuma mjukuu wangu Hadassa akaulize kama mgeni. Hadassa ana akili, ila ana ulimi. Alirudi akisema: Bwana yangu (ananiita hivyo kwa utani wa mjukuu na babu), mashine yako iliniambia niende kwa Mama Kapenda. Kama Mama Kapenda hayuko, kwa dada yake. Kama dada yake hayuko, kule wanakouza samaki wa Mulongo. Halafu ikasema kama miguu yangu ingali na nguvu, kuna mwalimu mmoja.

Nilikwenda mwenyewe kulalamika. Mama Salomé hakuona haya hata kidogo. Alisema: Baba Mwalimu, minyi sisemake uongo. Weye ulileta samaki mbili, mwenzako akaleta tano. Mudomo yangu iko na kipimo.

Nikampa sita. Mama Kapenda akampa wanane. Nikaishia hapo. Jioni Mama Salomé alifunga jiko lake mapema, akaweka meza, akaanza kuuza samaki.

Ijumaa, 5 Machi.

Somo la tatu: ushuhuda. Mteja aliyeridhika awaambie wengine kwa kinywa chake.

Nilimpata aliye bora kuliko wote, mke wa pasta wetu. Leo baada ya mkutano wa akina mama wa kanisa alipita sokoni na wenzake, nikamwomba aseme neno juu ya samaki aliowanunua kwangu Krismasi. Alisimama juu ya kreti. Akaanza na marehemu mke wangu: upole wake, sauti yake katika kwaya, mikono yake isiyokaa bure. Alisema vizuri. Nilitazama chini. Kisha akafika kwa samaki. Alisema walikuwa na chumvi ya kutosha na mchanga wa kutosha, lakini Mungu ni mwema, tulikula, na wote tuko wazima.

Amina, wakasema akina mama.

Mama Kapenda alicheka mpaka akashika meza. Alisema: Mchanga njo wa kuongeza kilo!

Kisha ilifika saa sita, akanyamaza. Akafunika samaki wake kwa kitambaa, akajifunga kitenge vizuri, akaondoka. Wengi sokoni wakaondoka pia. Ni hivyo kila siku, nami nimeona bila kuona. Leo nikawafuata.

Saa sita Jean-Baptiste anafungua spika ya foni mpaka mwisho. Ndiyo saa ya vifo. Mji mmoja baada ya mwingine unasoma majina: Luena, Mulongo, Kinkondja, na huko kaskazini kwenye mapigano. Watu wanasimama chini ya dirisha, hakuna anayekohoa. Mama Kapenda ana mwanawe, Élisée, aliyechukuliwa jeshini mwaka jana. Anasimama mahali palepale, karibu na nguzo, macho kwenye waya za spika. Majina yakaisha. Élisée hakuwemo. Akapumua, akarudi kuuza.

Nilibaki pale nimepigwa na butwaa. Mji mzima unasikiliza! Kimya! Na hakuna hata mtu mmoja anayewauzia kitu!

Jumamosi, 6 Machi. Siku ya posho, kama tuitavyo Jumamosi huku.

Somo la saba (nimeruka mengine, ni ya watu wenye umeme): usiwaite watu waje kwenye macho yako, wewe nenda yaliko macho. Kwangu, masikio.

Tena somo la nane, ambalo ndilo taji: usiseme yote. Mwenye kusema yote mara moja huwapa watu sababu ya kubaki kwao. Waamshe hamu. Waache waje wenyewe kuona.

Nimeandika tangazo langu la foni. Nimelifuta na kuliandika tena hadi likawa fupi kama kidole. Hili hapa: « Kisimba Nicodème, mwalimu wa zamani, mzaliwa wa Kinkondja. Ndugu, rafiki na bantu yote waliomujua wafike kwake Kamina bila kukawia. »

Neno samaki halimo. Ndiyo hila yenyewe!

Jean-Baptiste alilisoma, akalisoma tena, akanitazama kama aliyenikuta njiani usiku. Akauliza kama nina homa. Akasema: Mwalimu, lakini hii njo saa ya bantu balikufwa. Nikamwambia kwamba ndiyo, kwa sababu ndiyo saa ambayo watu wanasikiliza. Akasema pengine tuongeze neno moja, hata neno « mzima » tu. Nikamuuliza ni nani kati yetu wawili aliyemfundisha mwenziwe insha. Akainamisha kichwa: Ni wewe, Mwalimu. Hata askari anayekaa pale kibandani kuchunguza maneno ya watu alilipitisha. Alisema halina siri yoyote ya vita. Alinipa pole.

Sikuelewa pole ya nini. Askari wana adabu siku hizi.

Litasomwa Jumanne. Nataka Jumatatu ya kupanga meza.

Jumapili, 7 Machi.

Kanisani. Kisha makaburini kwa mke wangu, kama kawaida ya Jumapili, kung'oa majani.

Hadassa ameniuliza kwa nini hasa sitaki Kinkondja. Samaki ni wengi, hewa nzuri, ndege za vita hazipiti juu ya paa. Nikamwambia kwamba chumba kiko nyuma ya jiko. Akasema sababu hiyo ni ya kumwambia Umba.

Nilikumbuka harufu ya ziwa asubuhi: tope, moshi wa vichanja, mafunjo yaliyokatika na kuelea kama visiwa. Mama yangu alikwisha kufa, na mahali pa nyumba yake, nimeambiwa, sasa ni maji. Vijana wa kule wananijua kama mtu anayepokea samaki. Hapa najua kila mtoto aliyekaa dawati la mbele, na najua kaburi hili lina majani gani mwezi gani. Mtu aliyekaa ugenini muda huu wote ana nchi mbili, moja ya kukumbuka na nyingine ya kung'olea majani.

Sikumwambia Hadassa hayo. Nilimwambia kwamba Kinkondja kuna mbu.

Jumanne, 9 Machi.

Naandika haraka. Nyumba imejaa.

Saa sita nilibaki mezani kwangu sokoni, samaki wote nimewapanga kwa ukubwa, kola nimeipiga pasi. Kwa mbali nilisikia jina langu likitoka kwenye spika. Jean-Baptiste alilisoma kwa ile sauti yake ya kawaida ya saa ile, nzito, polepole. Ilinipendeza. Kulikuwa na heshima.

Nikasubiri. Hakuja mtu. Kisha nikaona jambo la ajabu: waliokuwako nao wanaondoka! Wauza unga wakafunga magunia. Wauza sombe, majani ya muhogo, wakabeba beseni. Mama Kapenda hakurudi hata kuchukua samaki wake. Soko likabaki mimi na mbuzi. Nilifikiri: nimewashinda! Wameona hawaniwezi, wamefunga!

Saa nane nikachoka kushinda. Nikarudi nyumbani.

Kutoka mbali niliona turubai limefungwa uani kwangu. Niliona moto umewashwa. Wanaume wamekaa upande mmoja kwenye viti vya kanisa, wanawake chini, vitenge kiunoni, kwaya ya Wamethodisti imeanza ubeti wa pili. Nikafikiri: Hadassa! Nikakimbia, nikapasua watu, nikalia kwa sauti: Ni nani? Ni nani amekufa?

Kwaya ilikatika kama kamba. Mwanamke mmoja akazimia. Mwingine akatoroka na sufuria yangu. Katibu wa mtaa aliniambia, bila kunisogelea: Mwalimu, ni wewe.

Mke wa pasta alinigusa mkono kwa kidole kimoja, kisha akapiga magoti kumshukuru Mungu. Muuza unga, Baba Kalunga, hakushukuru. Alisema: Minyi nilifunga biashara, nilitembea na jua, nilikuya kulia. Sasa nitalia nani?

Nikaona ndio wakati. Kitabu kinasema: mgeni akishafika, usimwache aondoke mikono mitupu. Nikapanda juu ya kiti, nikawaeleza kwa ufupi habari ya hamu na masikio, nikawakaribisha kwenye kambale wa moshi, wazuri, wa Kinkondja.

Kisha mzee wa ukoo wetu hapa mjini, Baba Kabongo, akasimama kwa fimbo yake. Alisema katika desturi yetu watu hawaitwi matangani kununua. Wameitwa wakaja, machozi wametoa, magoti yameuma. Aliyewaita ndiye anayewalisha. Kama mwenye kilio ni marehemu mwenyewe, basi ana bahati, maana anaweza kupika pia.

Eyo, Vidye, yaani ndiyo, Bwana, wakaitika wanaume wote.

Hadassa aliingia ndani akatoa kikapu cha kwanza. Hakunitazama.

Jumatano, 10 Machi.

Bado wapo. Hawaondoki kwa sababu wengine wanaendelea kufika. Kila anayefika anaanza kulia mlangoni, na ni lazima awepo mtu wa kumwambia. Mtu huyo ni mimi. Nimetokea mbele ya watu wanaolia tangu alfajiri. Mafundi wa reli, wanafunzi wangu wa zamani wenye mvi, bibi aliyetoka shambani na kuku kichwani. Aliponiona akiwa bado analia alinipiga kwa yule kuku.

Wanakula. Bukari (ndio ugali) na kambale asubuhi, bukari na kambale jioni. Wanasifu! Wanasema samaki ni wazuri sana, hawakujua, kwa nini Mwalimu hakuwahi kutangaza?

Kikapu cha mwisho kimefunguliwa mchana. Hata Mama Salomé amekuja na mwiko wake. Anakaanga uani na kuwaelekeza wageni wanapolala.

Jioni Mama Kapenda, ambaye amepika hapa tangu jana bila mtu kumtuma, alikaa karibu nami kwenye jiwe. Nilijiandaa kwa mzaha wake. Hakufanya mzaha. Alisema jana chini ya dirisha, jina lilipoanza kusomwa, alisikia kwamba ni la mwanamume akafunga macho. Lilipokuwa langu alishukuru. Alisema: Nilisema asante Mungu, hapana Élisée, njo Mwalimu tu. Kisha nikaona haya. Mzee wa watu! Njo nikakuya kulia kushinda wote. Unisamehe, Baba.

Nilimwambia kwamba nilimsikia kutoka barabarani, na kilio chake kilikuwa bora.

Akasema: Saa ile usiichezee tena, Baba Mwalimu. Ile saa njo yetu.

Nikaahidi. Kwa moyo wote nikaahidi.

Akafuta macho, akaongeza kwamba mchanga kwenye samaki wangu unaonekana hata ndani ya mchuzi.

Ijumaa, 12 Machi.

Umba amefika.

Kinkondja nako spika ilisoma. Alipanda baiskeli siku ileile. Amesukuma kwenye matope, amelala kwa watu asiowajua, amepita vizuizi vya askari akiwaambia: kaka yangu amekufa. Kwenye karia, nyuma ya baiskeli, alifunga sanda nyeupe, mpya, na koleo. Alinikuta nikinyolewa ndevu chini ya turubai.

Hakupiga kelele. Nilitamani apige. Aliegemeza baiskeli, akakaa chini, akafunika uso kwa ile sanda, akalia. Nikamwita: Mdogo wangu. Akasema ngoja kwanza, Yaya, machozi nimeyaleta kutoka mbali, siwezi kurudi nayo.

Alipomaliza alinawa uso, akala, akauliza samaki wako wapi. Ua mzima ukatazama miiba.

Basi hukumu. Alisema mbele ya Baba Kabongo na wote: samaki kuanzia leo ni wa Mama Kapenda. Mama Kapenda alipokea kwa mikono miwili na hakucheka hata kidogo, jambo lililoniumiza zaidi. Na mimi narudi Kinkondja kesho, juu ya karia. Alisema: Kule watu walishakulilia, Yaya. Wakuone sasa uko muzima, ao watagawana shamba lako la mihogo. Tena chumba ni kilekile, alisema, na amekipaka chokaa.

Wageni wamekunja turubai. Ua umekuwa mkubwa ghafla. Hadassa amefunga nguo zangu kwenye kitambaa na kuzifungua tena. Amesema yeye anabaki, ana kazi hospitali. Hakusema bwana yangu. Alisema: Nkambo, babu.

Jumamosi, 13 Machi.

Nimeamka kabla ya jogoo, nikakisoma kitabu upya kwa utulivu, kama mtu anayesahihisha mtihani.

Kosa nimeliona! Wala si la foni. Tangazo lilifaulu kupita kiasi: mji mzima ulikuja, hata Kinkondja ilikuja. Mwandishi mwenyewe Ulaya hajawahi kupata wageni wengi hivyo. Kosa lilikuwa la aina ya sherehe. Matangani mwenye nyumba hulisha. Harusini wageni huleta! Vyombo, vitenge, kuku, unga. Na vitu vinavyoletwa vinaweza kuuzwa, na mwenye kuviuza hahitaji ndugu, baiskeli, wala ziwa.

Na ahadi yangu kwa Mama Kapenda imesimama. Saa sita siigusi. Tangazo la harusi litasomwa saa nne asubuhi, saa ya bei za mihogo.

Nimetoka kwa mlango wa nyuma, nikamwamsha Jean-Baptiste. Alilisoma tangazo akiwa amejifunga taulo: « Harusi ya Kisimba Nicodème, Kamina, Jumamosi ijayo. Bantu yote wafike. » Aliniuliza kwa sauti ndogo bibi harusi ni nani. Nikamwambia kwamba hilo silitaji, na kwamba angekuwa amesoma somo la nane asingeuliza. Akaniuliza kama bibi harusi mwenyewe anajua. Nikamwambia atasikia kwenye foni pamoja na wengine, kama hamu yake itakuwa imeamka.

Sasa niko nyumbani tena, naandika nimesimama. Hadassa ananipikia chai. Umba yuko barabarani, amefunga gunia lililojazwa majani kwenye karia ili nisiumie. Ana moyo mzuri, mdogo wangu. Anapiga kengele ya baiskeli. Anapiga tena.

Kinkondja sirudi.